Mizigo Kumi na Tisa ya Kuni

Benchi la Dakika liko Nyeri mjini, pale barabara inapoteremka kuelekea steji. Ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili mbele ya kibanda cha kutengenezea saa, nao umelainishwa na suruali za wanaume ambao kwa miaka kumi na mitano wamekuwa wakipitia tu. Nyeri ni nchi ya watu wanaolima kahawa na kunywa chai, lakini hapa hunywewa kahawa, kwa kuwa Wachuka, mama anayeiuza hapo, huikaanga mwenyewe kijijini kwake Giakanja, kutokana na matunda yaliyokataliwa na kiwanda, akaileta kwa themosi mbili. Kuanzia saa tatu asubuhi benchi huketi kama bunge, tofauti yake ni kwamba hapa wajumbe hawalali. Julai hiyo ya mwaka wa 1996 ukungu ulikuwa haung'oki mjini hadi saa sita mchana, vidole vilikufa ganzi, na ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta wa kioo wa hoteli mpya, mizigo kumi na tisa ya kuni kavu ilikuwa imepandishwa juu ya vijukwaa vyeupe, kila mmoja na taa yake, ikitazamwa na mji mzima uliokuwa ukitetemeka.

Hoteli yenyewe iliitwa Thome, jina la pale mbele ya lango la boma ambapo zamani wanaume waliota moto na kuzungumza. Moto ndio haukuwamo. Mlikuwamo majiko ya gesi kutoka Italia, na hita za umeme zilizofichwa ukutani zisiharibu mandhari. Mwenye hoteli, Anita Mwendwa, alikuwa mbunifu wa majengo, mzaliwa wa Meru, aliyekaa Ulaya miaka tisa akarudi na wazo moja: hoteli ya mjini iliyojengwa juu ya sanaa na jamii. Sanaa ilionekana. Kuta ziliachwa bila plasta kwa makusudi, na benchi lilisikitika mwezi mzima kwa yule mama aliyeishiwa na simiti. Vitasa vya milango vilikuwa mipini ya majembe. Taa zilivishwa vikapu vya kuchumia majani chai. Bafu liliwekwa katikati ya chumba cha kulala, mkabala na kitanda, bila hata pazia, na fundi bomba aliirudisha ramani mara tatu akidhani ameishika juu chini.

Jamii ndiyo iliyohitaji kutafutwa, na kwa kazi hiyo akaajiriwa Kagure, awe afisa wa jamii.

Kagure alikuwa na miaka ishirini na minne, digrii ya elimu ya jamii, na daftari lenye mistari aliyoipiga mwenyewe kwa rula. Muda wake wa majaribio ulikuwa unaisha Jumamosi, siku ile ile ya ufunguzi. Kazi ya kwanza aliifanya vizuri mno. Alikwenda Giakanja akawaalika akina mama wa kikundi cha Mwihoko waje kuiona nyumba, na wao, kama watu waliolelewa, hawakuja mikono mitupu. Walikuja kwa itega, vile wanawake wa huku huenda kwenye boma lililojaliwa mtoto au nyumba mpya: msururu mmoja, wakiimba, kila mama na mzigo wa kuni mgongoni. Kagure aliijua itega. Mwaka wa tatu chuoni alikuwa ameiandikia tasnifu ya kurasa kumi na nane, na michoro ya ukanda wa ngozi unavyofungwa, akapewa alama ya A. Aliwapokea mlangoni akilengwalengwa na machozi. Aliwatua mizigo, akawagawia soda na keki, akawaaga kwa mkono mmoja mmoja. Akina mama walitazamana, wakanywa soda, wakarudi nyumbani.

Anita alipoiona ile mizigo sakafuni aliizunguka mara mbili. Kisha akasema ndiyo kazi bora ya sanaa katika jengo zima na mtu yeyote asiiguse. Kagure akaipima, akaiandikia vibandiko: jina la mama, aina ya mti, kilo hadi nukta moja.

Hiyo ilikuwa siku kumi na mbili zilizopita, na tangu siku hiyo hakuna mama wa Mwihoko aliyekanyaga hotelini. Walitakiwa kuimba Jumamosi mbele ya wageni wa Nairobi na mpiga picha wa gazeti. Kagure aliwatumia ujumbe mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba wako sawa tu. Jumanne ilikuwa siku ya mazoezi. Alipanga viti kumi na tisa, akaketi kwenye cha ishirini, akangoja hadi saa kumi jioni. Asubuhi ya Alhamisi hii Anita alimwita akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba Jumamosi ikifika bila akina mama, basi atajua kwamba jamii haikuwa na afisa.

Ndipo Kagure akavuka barabara.

— Digirii anakuja, alisema Jaji. Sogeeni. Leo kuna kesi.

Jaji jina lake ni Ngatia. Alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili kwapani kwa miaka thelathini, na anaamini sheria ilimwingia kupitia huko. Kando yake alikaa Mwai, mwenye kibanda, ambaye huitwa Dakika kwa sababu kila saa aliyopewa atengeneze itakuwa tayari baada ya dakika tano; zipo zilizongoja dakika hizo tangu mwaka wa themanini na tisa. Mwisho wa ubao, mguu mmoja kanyoosha, alikuwa Theuri wa Naro Moru, yaani Kilele. Aliwabebea wazungu mizigo mlimani hadi goti likakataa, na sasa ndiye mtaalamu wa mambo yote ya wazungu, pamoja na yale wasiyoyajua wao.

Kagure aliwaamkua vizuri, lakini hakuwauliza wao kwanza. Alimwendea Wachuka, aliyesimama hatua mbili kutoka benchini na themosi kwapani. Wachuka alikuwa mweka hazina wa Mwihoko na mwenye mzigo nambari saba, wa mti wa mukima, kilo ishirini na tatu nukta nne.

— Mama Kingori, nakuomba. Tuliwakosea wapi?

— Hakuna kitu, mwari. Tuko sawa tu.

Akammiminia kahawa hadi kwenye ukingo wa kikombe, bila kumwaga tone, na kwa namna ambayo Kagure hakuipenda hata kidogo. Mtu aliye sawa tu humwaga kidogo.

Basi akawageukia wazee. Hakuna aliyejua jibu, jambo ambalo halijawahi kulizuia benchi lile kufanya kazi.

Jaji alitangulia, kwa haki ya umri. Aliuliza kile kibandiko kimeandikwa nini. Kagure akamtajia. Akamwambia arudie, polepole, kama mtu aliye kizimbani. Kagure akarudia. Jaji akafumba macho.

— Hiyo ni eksibiti, alisema. Kuni inatoka wapi? Msitu. Msitu unaingia na nini? Kibali. Sasa wewe umechukua kuni ya watu, umeweka nyuma ya kioo, ukaweka taa, ukaandika jina ya mwenyewe na kilo. Miaka thelathini nilibeba eksibiti, na sijaona polisi hata mmoja anaandika safi kama wewe.

— Lakini nyingi zilitoka mashambani kwao, mzee. Niliwauliza.

— Uliwauliza. Na ukaandika?

Kagure alikuwa ameandika. Ukurasa wa kumi na moja, kwa jedwali.

— Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, Jaji alimalizia. Wako umejaa ushahidi. Nani atakuja kuimba hapo? Mshtakiwa huwa haimbi.

Dakika hakukubaliana. Alisema kuni zile za Mama Kingori ni mukima wa pale kwake kando ya choo, mti ambao yeye mwenyewe alishawahi kufungia mbuzi. Jaji akamjibu kwamba huo ni utetezi, na utetezi una siku yake. Wachuka, ambaye mti wake ulikuwa unajadiliwa, alipangusa mdomo wa themosi na hakuna aliyemwomba maoni.

Hapo Dakika akasogea karibu na kushusha sauti. Ni mwaka ule ambapo nchi nzima ilikuwa ikiwatafuta waabudu shetani. Walikuwa wametafutwa mashuleni, kwenye mikufu, na ndani ya noti mtu akizikunja vizuri, na Dakika alikuwa ameudhika kwamba hakuna aliyefikiria kuvuka barabara. Yeye alikuwa ameingia mle hotelini. Aliitwa kutundika saa ya ukutani, akakuta ni saa isiyo na nambari hata moja. Alipouliza zimekwenda wapi, Madam Anita alimwambia wageni wasisumbuliwe na wakati.

— Sasa niambieni, alisema. Ni nani hasumbuliwi na wakati?

— Wewe, alisema Kilele.

— Mimi ni fundi. Nauliza mwingine. Bafu iko mbele ya kitanda. Kuta ziko uchi. Kuni ni kumi na tisa, si ishirini, na haziwaki. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nimetafuta mawingu kwa hiyo hoteli sijaona hata moja. Kwa hivyo iko ndani.

— Nini iko ndani? aliuliza Jaji.

Dakika alifikiri.

— Mvua, alisema, na hata yeye alionekana kutilia shaka. Lakini akaendelea kusema kwamba akina mama ni watu wa maombi, na mtu wa maombi hunusa. Walinusa. Ndiyo maana walikunywa zile soda haraka haraka.

Kagure alikumbuka kwamba kweli walizinywa haraka. Alikumbuka pia kwamba mama mmoja alizirudisha keki mbili kwenye sahani. Alifungua daftari, akaandika "keki 2", akapiga mstari chini yake, kisha akaona aibu akaufuta.

Kilele alingoja hadi angojwe, kama mtu mkubwa kwenye mkutano. Alisema wenzake wanaongea vitu vya chini, vya mita elfu moja na mia saba, wakati yeye amekuwa akifikiria kutoka mita elfu nne na mia tisa. Aliwakumbusha kwamba amekwenda na wazungu hadi Lenana mara ishirini na sita, na amewaona wakilipia baridi ambayo sisi tunapewa bure. Mzungu hafanyi kitu bure. Na Madam Anita, ingawa ni wa Meru, amekaa kwao miaka tisa, na miaka tisa inaingia.

— Wanajua mlima unaamka, alisema.

Dakika akasahau kumeza.

— Unaamka wapi?

— Ndani. Mlima huu ulikuwa moto, hata kitabu ya shule inasema. Sasa angalia. Kwa nini ukuta haina plasta? Plasta inapasuka, simiti haipasuki. Kwa nini saa haina nambari? Siku hiyo hakutakuwa na saa nne ama saa tano, ni giza moja. Na kwa nini wamehifadhi kuni kavu kwa nyumba ya stima? Kwa sababu stima itaenda. Akina mama wamebeba kuni ya watu wataishi, na wao hawako kwa hiyo orodha. Digirii, wewe uko kwa orodha?

Kagure alisema hajui orodha yoyote. Kilele akatikisa kichwa kwa huruma: basi hayumo. Kisha akaongeza kwamba ukipanda mchongoma kushuka ni ngoma, na ya kwamba yeye goti lake lilianza kulisema hili tangu Pasaka.

Kagure alitazama daftari lake na kukuta ameandika, kwa mwandiko wake mzuri, "mlima?" Msichana mwenye A. Akalifunga.

— Wazee, alisema. Jumamosi wasipokuja, mimi sina kazi. Nimekaa nyumbani miaka miwili baada ya chuo. Mama yangu alishatangaza kanisani, na mchungaji akapiga makofi. Sasa nitarudi kumwambia nini?

Benchi likanywa funda moja la kahawa, kwa heshima. Halafu kila mmoja akamsaidia kwa alichokuwa nacho. Jaji alijitolea kumwandikia hati ya kiapo. Dakika alisema wanaweza kuomba pamoja, dakika tano tu. Kilele alisema ikiwa ni kuimba, yeye anajua nyimbo mbili za Kijerumani alizofundishwa mlimani, moja ikiwa na maneno.

Alijaribu njia nyingine. Aliwauliza, kama wenye nyumba zao, itega ikija kwao huwa inakwendaje. Wanaume watatu, wenye watoto kumi na saba baina yao, walitazamana.

— Hiyo ni mambo ya akina mama, alisema Dakika. Sisi tunaambiwanga tutoke.

— Halafu?

— Halafu tunaitwa, tunapata chakula imeiva.

— Iliivaje?

Jaji alisema swali hilo halijawahi kuletwa mbele yake.

Ni wakati huo ukungu ulipomtoa mwanamke mmoja mzee upande wa juu wa barabara. Alikuwa ameinama kabisa, ukanda wa ngozi umepita juu ya paji la uso, na mgongoni mzigo wa kuni uliofungwa sawasawa kama kitu cha kununuliwa. Wachuka aliweka themosi chini akamkimbilia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ulifanana na uso.

Alikuwa Cucu Murugi, yaani nyanya Murugi, wa Giakanja pia, mkubwa kuliko wote katika Mwihoko. Siku ya itega hakuwepo: binti yake wa Naro Moru alikuwa amejifungua, akaenda kukaa naye. Amerudi jana jioni, akaambiwa wenzake walishapeleka, na hakutaka iwe kila mtu ameibariki nyumba ile isipokuwa yeye. Hakungoja kuambiwa zaidi. Alijitwika akashuka mjini. Wanaume wakainuka wote watatu ili akae, na benchi likawa, kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mwanamke. Mzigo akauegemeza kwenye mguu wa ubao.

Kagure akajikuta ametoa futi ya kupimia mfukoni. Alikuwa anawaza kwamba vijukwaa ni kumi na tisa na hiki cha ishirini kitatengenezwa na nani kabla ya Jumamosi.

— Wewe ndiye msichana wa hiyo nyumba? aliuliza Cucu Murugi.

— Ni mimi, Cucu.

— Ngai akubariki. Sasa niambie ukweli, sitakasirika. Chai niliachiwa, ama iliisha?

Jaji alichungulia ndani ya kikombe chake kama kwamba faili limeangukia humo. Dakika alianza kupulizia vumbi saa iliyokuwa haina vumbi.

— Chai gani, Cucu? aliuliza Kagure.

— Ya hizo kuni. Ile mlipikia akina mama.

Macho ya Cucu Murugi hayakuwa mazuri. Aliyakaza kuelekea ng'ambo, kwenye kioo.

— Na zile zinang'aa hapo ni nini?

— Ni kuni.

— Ni zetu?

— Ni zenu.

— Bado ziko? Siku ngapi?

— Kumi na mbili, Cucu.

Mwanamke mzee akafikicha mikono yake polepole. Alipozungumza tena alikuwa ameshusha sauti, kama mtu anavyoishusha akifika lango la watu bila habari, akakuta kuna viti vingi nje.

— Pole sana, msichana wangu. Hawakuniambia. Ni nani alikufa?

Kahawa ilipoa vikombeni. Kilele, aliyekuwa na maelezo ya mlima wote hadi chini ya ardhi, alianza kulikanda goti lake. Hakuna aliyekufa, na hilo ndilo lililokuwa haliwezi kutamkwa, maana kuni za itega huachwa bila kuwashwa kwa sababu moja tu, msiba. Nyumba iliyo hai huziwasha siku hiyo hiyo, huinjika chungu juu yake, na waliozileta hunywa na kula wakaziona zikiwa majivu. Hapo ndipo wanapotoka na kusema nyumba ile sasa ina watu. Nyumba isiyoziwasha bila msiba imewaambia: asanteni, lakini sisi na ninyi hatuhitajiani. Kagure alizipitia kurasa zake kumi na nane kichwani, moja baada ya nyingine, ukanda, fundo, uzito, aina za miti, nyimbo za njiani. Ukurasa wa mwisho uliishia mlangoni. Swali la mhadhiri lilikuwa limeishia mlangoni, naye alikuwa mwanafunzi wa kujibu swali.

Alimgeukia Wachuka.

— Mama Kingori, kwa nini hukuniambia? Nimekuuliza hapa hapa.

— Ningekuambia nini? alisema Wachuka. Mtu hawezi kuomba chai kwa nyumba yenye amepelekea kuni. Hiyo ni kuomba. Tungekaa hivyo mpaka tuzeeke.

— Na Jumamosi?

— Jumamosi tungekuwa sawa tu.

Jaji akafungua mdomo, labda kuomba kesi iahirishwe. Kagure hakumngoja. Alimwachia Dakika daftari, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, yeye ambaye hutazama mara mbili hata kwenye uchochoro. Kupitia kioo benchi lilimwona akiuinua mzigo uliokuwa karibu zaidi na mlango, akisimamishwa na askari wa mlangoni, likamwona akimwambia neno moja, na askari akimpisha. Baadaye ilijulikana kwamba askari aliuliza sanaa inakwenda wapi, naye akajibu, jikoni.

Taa iliyokuwa juu ya mzigo ule ilibaki inamulika kijukwaa kitupu. Alipotoka nje, uani mbele ya hoteli, kwenye changarawe nyeupe iliyosawazishwa kila asubuhi kwa reki, Anita Mwendwa alikuwa nyuma yake, na kwa kuwa mlango ulibaki wazi na benchi zima lilikuwa limeacha kupumua, yote yalisikika.

— Kagure, unafanya nini?

— Nahitaji sufuria, Madam. Ile kubwa kuliko zote. Na maziwa.

— Mpiga picha anakuja kwa ajili ya hizo kuni.

— Atakunywa pia.

Anita alisimama mlangoni, mkono mdomoni, akiitazama changarawe yake, na Kagure, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa amejifunza kusoma kila mkunjo wa uso ule, hakuweza kujua kama ni uso wa mtu anayefukuza mtu au wa mtu anayekumbuka kwao. Hakuwa na nafasi ya kuuchunguza. Alikuwa amejitwika mzigo ili auzungushe upande wa pili, penye nafasi ya mafiga, na mzigo ulikuwa unamshinda. Kurasa nne za michoro, na ukanda alikuwa ameupitisha shingoni. Alikwenda hatua tatu, akayumba, uso ukaanza kumbadilika rangi.

Kutoka benchini Dakika alisema kwamba huo ni wizi wa mchana. Jaji akasema si wizi, ni kuharibu ushahidi, na ni kosa kubwa zaidi. Kilele akasema basi siku imefika.

Cucu Murugi alikuwa ameshainuka. Alivuka barabara kwa mwendo wake, gari moja likimngoja na dereva asithubutu kupiga honi, akafika pale uani na kumshika Kagure bega. Aliuinua ukanda kutoka shingoni, akaupandisha juu, akaukaza kwa kidole gumba.

— Hapa kwa paji la uso, alisema. Unataka kufa kabla ya chai?

Kagure akainama, mzigo ukatulia. Benchini Wachuka alikuwa akikusanya vikombe, vingine vikiwa bado mikononi mwa wenyewe. Jaji akanyoosha chake ajaziwe.

— Kahawa imeisha, alisema Wachuka.

— Iko, Mama Kingori. Naisikia ikicheza huko ndani.

— Imeisha, alisema, akajitwika mzigo wa Cucu Murugi na kuvuka barabara, themosi zikimning'inia mkononi, nzito.